Ijumaa ya Kula

Ujumbe ulinifikia nikiwa kwa kuku wangu hapa Kalimoni, debe la maji mkononi, na simu ikatetemeka mfukoni kwa nguvu ya kuangusha ukuta. "Habari ya siku nyingi, Mwalimu. Ni Wairimu wa darasa la kwanza. Tumepatana watu kumi na wanne. Jumamosi saa saba tunakula pamoja Ruiru. Kuja na sahani yako. Usiulize." Sikuuliza. Mtu mwingine angeshangaa ni hoteli gani hiyo Ruiru ambayo mgeni anabeba sahani kutoka nyumbani, lakini mimi nilicheka mpaka kuku wakaacha kudonoa wakanitazama, na mke wangu akatoa kichwa dirishani. "Baba Ciku, nini tena?" Nikamwambia naitwa na serikali. "Serikali gani hiyo?" "Ile niliiweka mwenyewe." Akarudisha kichwa ndani. Ameishi na mimi muda wa kutosha kujua kwamba nikisema jambo, la kweli ni robo, na robo yenyewe imeongezwa chumvi. Lakini hili ninaloandika hapa ni la kweli tupu, na sababu ya kuwa la kweli utaiona mbele.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na nilikuwa nabeba magunia kwa posho mill moja pale Witeithie. Mchana nilikuwa mweupe kwa unga kuanzia nywele mpaka kucha, mtoto akiniona gizani anazimia, na jioni nilijipangusa nikaenda Thika kwa darasa la watu wazima, lile watu walikuwa wakiliita ngumbaru kwa kutucheka. Tulisomea kwa madawati ya watoto wa shule ya msingi, magoti yetu yakigusa masikio: mimi, askari wa geti wawili, fundi wa kushona, na mama mmoja wa kuuza mananasi ambaye alikuwa ameapa kumaliza kidato cha nne kabla ya mjukuu wake. Siku moja nikiwa nimekaa juu ya magunia nasoma, mwanamke akaingia na debe la mahindi. Alikuwa Madam Wambui, mwenye shule ya mabati iliyokuwa nyuma ya kanisa. Mwalimu wake wa darasa la kwanza alikuwa ameolewa wikendi hiyo akaenda na mume, chaki zikabaki. "Kijana, hicho kitabu unakisoma ama unakiangalia?" Nikamwambia, "Madam, mimi nimesoma mpaka vitabu vinaniogopa." Jumatatu nilikuwa mbele ya watoto thelathini na wanane, nikiwa bado na unga ndani ya masikio.

Shule yenyewe ilikuwa vyumba vinne vya mabati na kimoja cha mbao. Hicho cha mbao kilikuwa ofisi ya Madam, kilikuwa chumba cha walimu, na kilikuwa jikoni. Mama Kibe, mpishi, alikuwa na mawe yake matatu kwa kona moja, na sisi tulisahihisha vitabu kwa kona nyingine tukilia machozi ya moshi. Rejista yangu ilinuka githeri, yale mahindi na maharagwe ya mchana. Ukifungua ukurasa wa mwezi wa pili hata leo, naamini utasikia njaa. Uji wa saa nne ulikuwa mzito, kijiko kilisimama ndani yake wima kama askari wa gwaride, na Mama Kibe alikuwa akinijazia kikombe mara mbili kwa sababu, alisema, mwanaume wa kubeba magunia hawezi kulishwa kama mwalimu. Hivyo ndivyo nilivyojua jinsi nilivyokuwa nikisemwa. Siku moja nikiwa nje nachonga penseli nilisikia mwalimu wa darasa la tatu akisema ndani, "Huyu Madam ametuletea hamali." Madam akajibu, "Hamali ama nini, watoto wanamsikiza." Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, ambayo kwa mabati haikuwa chini hata kidogo: "Lakini mkaguzi akija muhula wa tatu apate hajui kitu, simtetei. Atarudi kwa magunia yake."

Hapo ndipo mwaka wangu ulipokaa, kati ya penseli na hayo maneno. Nilikuwa sijawahi kutaka kitu maishani kama nilivyotaka kubaki katika kile chumba cha mabati. Asubuhi nikiingia, watoto thelathini na wanane walisimama na kuimba "Good morning, Mwalimu Kamande," na haki ya Mungu hakuna gunia lililowahi kunisalimia.

Kitabu cha mwalimu kilikuwa na sura moja nene: wajibu wetu, sheria, na serikali. Mkaguzi, Madam alisema, alikuwa anapenda kuuliza kutoka hapo, kwa sababu ndipo walimu wanakwama. Nilikwama kweli. Mjukuu wangu wa Ngoingwa juzi alikuja na swali la nyumbani, ataje majukumu matatu ya raia, na nikamwona anayataja yote matatu bila kupumua na bila kuelewa hata moja, nikakumbuka kwamba hivyo ndivyo nilivyoanza. Niliwaambia watoto, "Sheria ni utaratibu uliowekwa na jamii." Wakasema, "Sheria ni utaratibu uliowekwa na jamii." Kisha Njoroge, mtoto wa kichwa kikubwa na sauti kubwa kuliko kichwa, akauliza, "Mwalimu, jamii ni nani?" Nikamwambia nitamjibu kesho. Jioni hiyo, kwa ngumbaru, niliwauliza askari wa geti, nao wakaniambia nimuulize mwalimu.

Basi nikaona heri tutunge sheria zetu wenyewe, ndio tuone huyo jamii anafanana vipi. Nilibandika karatasi ya manila ukutani, watoto wakasema, mimi nikaandika. Ya kwanza ilikuwa mtu asikule chaki. Ya pili, mtu asiseme mama ya mwingine ni mnono. Ya tatu ilikuwa kuhusu drumu la maji na yule anayetia mkono mzima ndani badala ya kikombe. Ya nne ilitoka kwa Wairimu, msichana mdogo wa marinda yaliyofunika miguu, ambaye alikuwa haongei ovyo lakini akiongea unajiangalia kama umefunga vifungo. "Mtu asikule kama mwenzake anamwangalia." Wakati wa uji kulikuwa na wenye mkate na wasio na mkate, na wote walijua alichomaanisha, kwa hivyo ilipita bila mjadala. Adhabu walichagua wao: anayevunja sheria anaokota karatasi uwanjani muda wa mapumziko, wengine wakimwangalia.

Sheria ya saba ilikuwa yangu. Nilikuwa nimewaambia, kwa kuchangamsha darasa la mchana, kwamba nilipokuwa mdogo nilikimbizwa na simba hapa Kalimoni nikamshinda mbio nikiwa nimebeba gunia mbili. Tatu, kwa kusema kweli, nilisema tatu. Kesho yake Wairimu akainua mkono. "Mwalimu, baba amesema Kalimoni hakuna simba." Mkono ukabaki juu. "Amesema hata fisi hakuna." Nikacheka, nikasema labda baba hakuwa amezaliwa, lakini yeye hakucheka. "Mwalimu, sheria ni ya watu wote?" Nikasema ndiyo, ni ya watu wote. "Basi andika namba saba. Mwalimu pia asiongope." Niliandika kwa mkono wangu mwenyewe, kwa herufi kubwa, nikidhani ni mchezo, na siku hiyo niliokota karatasi uwanja mzima kwa ajili ya simba mmoja asiyekuwepo. Mama Kibe alitoka jikoni na mwiko kuniangalia. "Ngai! Mwalimu anafungwa na watoto!" Nikamwambia hiyo ndiyo serikali, Mama Kibe.

Muhula wa tatu ukaingia. Tulikuwa tumefika kwa uchaguzi. Nilitaka watoto wachague chifu wa darasa kwa njia ya kweli, kwa siri, nyuma ya pazia, kila mmoja akitia kifuniko cha soda ndani ya mkebe wa mtu anayemtaka. Wagombea walikuwa wawili. Njoroge alizunguka madawati wiki nzima akiahidi kwamba akiwa chifu kila mtu atakunywa uji mara mbili, jambo ambalo Mama Kibe hakuwa ameulizwa. Wairimu aliahidi kitu kimoja: "Nitasema nani ametia mkono kwa maji." Mkaguzi alikuwa atakuja ndani ya wiki hiyo ama ile nyingine, hakuna aliyejua, na Madam alikuwa ameanza kutembea na sketi ya Jumapili siku za kazi. Ndipo nikaamua kuwaandikia wazazi, ili Ijumaa, siku ya uchaguzi wenyewe, wasichelewe kuwaleta watoto.

Sasa hapa lazima nikwambie kuhusu ulimi wangu. Sisi watu wa huku, herufi mbili zile, ya kwenye "lala" na ya kwenye "rara", zinaishi nyumba moja na zinavaa nguo za kila mmoja. Mwalimu wetu wa ngumbaru alikuwa akitusimamisha mstari tuseme "lori la Lari limelala," mpaka fundi wa kushona akalia machozi halisi. "Kamande," aliniambia, "ukisema tutakusamehe. Ukiandika, mtihani hautakusamehe." Nilimsikia. Lakini zile barua niliziandika thelathini na nane, kwa mkono, mchana mmoja, kama mtu anayekimbizwa na yule simba, na mkono uliandika vile mdomo ulivyosema. Nilikuwa hata nimeogopa kuandika "kupiga", kwa sababu shuleni siku zile kupiga kulikuwa na maana moja tu, na sikutaka wazazi waje na hasira. Nikaliondoa hilo neno kabisa. Barua ikawa hivi:

"Mzazi mpendwa. Ijumaa ni siku ya kula katika darasa letu. Kula ni haki ya kila mtoto. Kula itakuwa ya siri, nyuma ya pazia, mtoto mmoja mmoja. Kila mtoto ana kula moja tu, na hakuna kula mara mbili. Mzazi asimlazimishe mtoto. Kula zote zitahesabiwa mbele ya darasa. Tafadhali aje mapema. Wako, Mwalimu Kamande."

Alhamisi nilirudi kwa chumba changu, kilichokuwa nyuma ya posho mill, ukuta wa ubao mmoja kati yangu na Mama Shiru, ambaye mtoto wake nilikuwa namfundisha. Mashine ya kusaga ilikuwa inanguruma, kwa hivyo maneno yalinifikia vipande vipande. "...kula ni haki ya mtoto, ameandika..." Mume wake akasema kitu. "...nyuma ya pazia ndio wasioneane, si unaona ana akili?" Mashine ikameza kidogo. "...huyu mwalimu ni mtu wa maana, Baba Shiru. Wengine hawafikirii hivyo." Nilikaa kitandani kifua kimejaa. Nilijiona nimeamsha Witeithie yote, Juja inafuata, wiki ijayo Thika. Kisha nikasikia sufuria zikigongana na harufu ya kitunguu kikikaangwa, nikadhani ni chakula cha jioni tu, na nikalala kama mtu aliyeshinda uchaguzi mwenyewe.

Ijumaa asubuhi nilikuwa nimefunga pazia kwa kamba na kupanga mikebe miwili juu ya meza. Wa kwanza kuingia alikuwa Njoroge, na sahani ya mabati ndani ya sweta, kijiko ndani ya soksi. Nikadhani ni vituko vyake. Wa pili alikuwa na sahani. Wa tatu, sahani. Akaja Shiru na chapati zimefungwa kwa kitambaa, na nyuma yake mama yake. Nyuma ya mama yake akaja mama wa Wairimu na sufuria ya mukimo wa viazi juu ya kichwa, na nyuma yake mama mwingine amebeba blanketi. "Mwalimu, nimeleta hii uongeze pazia. Hiyo yako ni nyepesi, wataonana." Mama wa Wairimu akatua sufuria yake. "Mwalimu, sisi hatujawahi kuona mtoto akihesabiwa vile amekula. Lakini wewe ndiye umesoma." Nikachukua barua kutoka mkononi mwake, taratibu, kama mtu anayeshika nyoka. Nikausoma mwandiko wangu. Kila kula ilikuwa pale, nene, imekaa vizuri, hakuna hata moja iliyopotea njia.

Akina mama wakaenda kusimama nje kwa dirisha, na mimi nikabaki na watoto thelathini na wanane na sahani thelathini na nane, ambazo zenye kitu zilikuwa labda kumi na tano. Wengine walikuwa wamefikiri chakula ni cha shule. Njoroge alikuwa ameshika yake tupu kwa mikono miwili kama usukani. Wenye chakula wakaanza kukifunika kwa mikono. Wasio nacho wakaanza kuangalia. Kona ya nyuma mtoto mmoja akaanza kulia ile kulia ya pole pole inayopanda. Nilitaka kuwaambia warudishe yote nyumbani, tuanze upya, lakini Wairimu alikuwa ameshasimama, kidole kwa ukuta. "Namba nne," akasema. "Mtu asikule kama mwenzake anamwangalia." Shiru akakumbatia chapati zake. "Lakini mama yangu alinipikia mimi!" "Hata mama yangu alinipikia mimi," Wairimu akasema, "na ni namba nne." Akanyanyua sufuria ya mukimo, ikamshinda, akaivuta sakafuni mpaka mbele, krr, krr, mpaka kwa meza yangu. Mmoja akafuata na ndengu. Mwingine na wali. Shiru alikuja wa mwisho, analia, na chapati zake saba.

Sasa meza imejaa, nani anapakua? Nilikuwa nimeshashika upawa. Njoroge akaruka juu. "Mwalimu, wewe hapana! Leo si ni siku ya kuchagua?" Nikabaki na upawa hewani. "Si ulisema chifu ndiye anaangalia watu wote wapate? Basi tuchague, halafu yeye apakue." Na wakapiga kura. Mmoja mmoja nyuma ya pazia langu na blanketi la yule mama, kifuniko cha soda, kling, ndani ya mkebe. Niliwasikia wakinong'ona kwa mstari. "Njoroge alisema tutakula mara mbili." "Wee, Njoroge atajipakulia yeye mara mbili." "Wairimu je?" "Wairimu ni mkali, lakini hawezi kukunyima." Tulihesabu mbele ya wote. Wairimu ishirini na saba, Njoroge kumi na moja. Akapanda juu ya kiti ndio afikie sufuria, akapakua wasio na chakula kwanza, kisha wenye nacho, akigawa chapati kwa vipande vidogo kama vya ushirika wa kanisani. Sahani yake ilikuwa ya mwisho, na kulikuwa kumebaki mukimo wa kukwangua. Njoroge, aliyeshindwa, akaja akamwekea kipande cha chapati chake, akiwa ameshakiuma. "Chukua basi. Unatuangalia na ni namba nne."

Hapo ndipo niligeuka nikamwona mwanamke wa miwani amesimama mlangoni, kiondo begani, na Madam Wambui kando yake, sketi ya Jumapili na uso wa mazishi. Sijui walikuwa wamesimama hapo kwa muda gani. Alikuwa Bi Mwende, mkaguzi, mtu wa upande ule wa mashariki ya Thika, mpole wa sauti, ambaye walimu walisema upole wake ndio wa kuogopwa. Madam alikuwa anaongea haraka. "Ni mbinu mpya, Bi Mwende. Watoto wajifunze serikali kwa vitendo. Sisi hapa tunapenda vitendo." Mkaguzi akatikisa kichwa kwa mshangao, akaandika kitu. Akaniangalia. "Mwalimu, sijawahi kuona somo la uchaguzi kama hili. Ulilipanga wewe?"

Nikaona mlango umefunguka, na mwanga upande wa pili. "Ndiyo, Bi Mwende," nikasema, na ulimi wangu ukaondoka mbio kama kawaida yake. "Nimelipanga wiki tatu. Kwanza chakula, kisha tatizo, kisha kura. Nilijua tu sheria ya nne itawaleta hapo. Hata usiku nilikuwa nikiamka kuandika." Madam alitabasamu kwa mara ya kwanza muhula huo. Kalamu ya mkaguzi ilikuwa inakimbia. Kisha nikatupa jicho darasani. Watoto thelathini na wanane walikuwa wameacha kutafuna. Hawakuwa wananiangalia mimi, walikuwa wanaangalia ukuta. Na kutoka juu ya kiti, upawa mkononi, mukimo kwenye kidevu, Wairimu akasema kwa upole kabisa, kama mtu anayekukumbusha kifungo: "Mwalimu. Namba saba."

Nimefikiri juu ya hiyo dakika miaka yote hii. Ningecheka tu. Ningesema, watoto hawa bwana. Mkaguzi hakujua namba saba ni nini, na gunia lilikuwa linanisubiri pale ng'ambo ya barabara, kilo tisini, halina haraka. Lakini nilijua kwamba nikipita hapo, ile karatasi ya manila nitakuwa nimeibandua kwa mikono yangu, na Jumatatu nitawaambia sheria ni ya watu wote na hakuna atakayeinua mkono kubisha, wala kuamini. "Bi Mwende," nikasema, "nimeongopa. Sikupanga kitu. Nilitaka kuandika siku ya kura nikaandika siku ya kula. Mara thelathini na nane." Nikampa barua. Madam Wambui akafunga macho.

Mkaguzi aliisoma yote, midomo ikisogea. Alipofika pale pa "kula itakuwa ya siri," mabega yalianza kutikisika. Alipofika "hakuna kula mara mbili" alivua miwani, akashika fremu ya mlango, akacheka mpaka akina mama wa dirishani nao wakaanza kucheka bila kujua sababu. Kisha akajipangusa na hakuwa anacheka tena. "Cheti unacho?" Nikasema sina, nasoma Thika jioni, nafanya mtihani mwaka huu. "Basi siwezi kukuandika mwalimu kwa kitabu changu. Usiniombe." Sikumwomba. "Nitaandika nilichoona. Nimeona sheria ikimshika aliyeiandika. Hilo sijaliona hata kwa mashule ya mawe." Akamgeukia Madam. "Akae mpaka muhula uishe. Akipita mtihani aende chuo, arudi. Akianguka, asirudi." Akaanza kuondoka, kisha akanisogelea, na sauti yake ikawa ya chini kabisa. "Hata sisi kwetu kuna herufi zinatutesa, Mwalimu. Lakini si hizo." Nilitaka kumshukuru, lakini nilivutwa shati. Wairimu. "Mwalimu, karatasi." Niliokota uwanja mzima, na mkaguzi alipokuwa akitoka getini nilikuwa nimeinama nikichukua ganda la peremende karibu na kiatu chake.

Nilipita. Kiswahili nilipata alama ya kutosha kupita mlangoni mwa chuo, pembeni pembeni, tumbo ndani. Nikarudi kwa Madam Wambui, nikakaa madarasani miaka mingi kuliko nywele nilizobakiwa nazo, na kila darasa nililoshika lilikuwa na karatasi ya manila na namba saba yake. Watu hudhani watoto wa miaka sita huwezi kuwafundisha serikali. Mimi nasema wanaijua, wewe ndiye unafundishwa. Kazi yako ni kuandika kwa herufi kubwa, na ukiweza, kwa herufi sahihi.

Jumamosi nilijitokeza mbele yao Ruiru saa nane unusu badala ya saa saba, sahani ikiwa ndani ya mfuko wa karatasi. Walikuwa nyuma ya hoteli, kwenye nyasi, meza ndefu, watu wazima kumi na wanne kila mmoja na sahani yake kutoka nyumbani. Njoroge anauza vigae vya sakafu Thika sasa, na kichwa hatimaye kimepata mwili wa kukitosha. Wairimu ni mwenyekiti wa wakaaji wa mtaa wake hapo Ruiru, yeye ndiye anasumbua watu kuhusu taka na maji na geti, na alikuwa amesimama kwenye sufuria, upawa mkononi, sahani yake tupu kando. Hakuna aliyekuwa ameanza kula. "Mwalimu umechelewa!" Njoroge akapiga kelele. "Tumekufa njaa!"

"Msiniulize," nikasema, "barabara yote imefungwa. Kuna lori la mananasi limeanguka, mananasi yamejaa mpaka Juja, watu wanaogelea ndani ya..." Watu kumi na wanne, wengine na mvi, walikuwa wameinua macho kuangalia ukuta wa hoteli, ambao ulikuwa ukuta mtupu, umepakwa rangi ya krimu, hauna chochote. Na Wairimu alingoja tu.

"Sawa," nikasema. "Nilifika saa saba kasoro. Nimesimama hapo getini na sahani yangu, nikaogopa kuingia. Nilidhani labda hamtanijua."

Kisha Wairimu akanipakulia wa kwanza, akanionyesha nyasi kwa upawa, ambapo upepo ulikuwa umetawanya karatasi za kufutia mikono, na mimi nikaweka sahani mezani, nikakunja mikono ya shati, nikainama.